UZI: Nota za mkono za watunzi wetu zinaozea makabatini, tuwaangalie hawa jamaa wa Milano walivyotunza za kwao

#1 (mwanzisha uzi)

Wakuu amani kwenu. Mimi ni mwalimu wa kwaya parokia moja huku Kanda ya Ziwa, huu mwaka wa kumi na nne nafundisha, na leo naomba tuongelee kitu ambacho kila mwanakwaya humu anakijua ila sijaona mtu akikifungulia uzi. Kabati la nota.

Kila kwaya inalo. Liko sakristia au kile chumba cha nyuma cha kuwekea vyombo, limejaa mafaili ya kamba, kopi, kopi za kopi, ratiba za misa za miaka iliyopita, na katikati ya vurugu hiyo ndo zimo zile karatasi zenyewe, zile alizoandika mtunzi kwa mkono wake, solfa (nota za herufi d r m f s l t) mistari minne, maneno chini, jina lake na tarehe pale pembeni juu. Kabati letu lilivujiwa. Bati lilikuwa na tundu la msumari na mvua za vuli zikawa zinaingia kidogo kidogo, hakuna aliyefungua mpaka siku tunatafuta nyimbo za Noeli. Nimefungua, harufu ikanipokea. Faili la chini kabisa lilikuwa limeshikana limekuwa kama tofali.

Sasa kilichonifanya niandike uzi sio hasara, ni kile nilichokiona kwenye moja ya karatasi zilizopona. Kuna wimbo wa shukrani tumeuimba miaka na miaka, mtunzi ni mzee mmoja marehemu, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kipimo cha 11 sauti ya tatu tunaimba t, safi kabisa, kila mtu anajua hivo, hata waliorekodi studio wameimba hivo. Kwenye karatasi ya mkono wa mzee imeandikwa ta, yaani t iliyoshushwa nusu sauti. Ile a ipo, ndogo, na amepiga mstari chini yake kwa penseli nyekundu, maana yake alishaona watu wanakosea akaweka alama. Kopi ya kwanza ilififisha ile a, kopi ya pili ikaifuta, na kuanzia hapo wimbo ukabadilika bila mtu yeyote kuamua ubadilike.

Wanaojua muziki wameshaelewa. Besi wanashika d, sauti ya tatu wanashika ta afu wanashuka kwenye l, besi wanahamia f, pale ndo wimbo wote unainama. Nilivyowafundisha upya jioni ile sauti ya tatu wakaimba mara moja, wakanyamaza, mama mmoja wa alto akasema "kumbe ndo ulikuwa hivi".

Endelea #2, naandika kwa vipande maana simu inasumbua.

#2 (mwanzisha uzi)

Baada ya hapo nikaanza kutafuta watu wengine duniani wanafanyaje na karatasi za namna hii. Nikakutana na hifadhi moja iko Milano, Italia, inaitwa Archivio Storico Ricordi, na kwa kweli nimeisoma mpaka usiku wa manane siku kadhaa.

Mwanzo wake ni mtu anaitwa Giovanni Ricordi, mpiga fidla, ambaye riziki yake ilikuwa kunakili nota. Zamani opera (mchezo wa jukwaani unaoimbwa) ikitungwa, mtunzi anaandika kitabu kimoja tu kikubwa chenye waimbaji wote na vyombo vyote, afu lazima akae mtu achomoe sehemu ya kila mpigaji, moja moja, kwa mkono. Ndo kazi aliyokuwa anafanya huyu bwana. 1807 akaenda Leipzig, Ujerumani, kujifunza kuchapa nota kwa wachapaji Breitkopf & Härtel, 1808 akafungua kampuni yake, 1814 akapata mkataba wa kunakili muziki wa jumba la opera la La Scala, na 1825 akafanya jambo ambalo mimi nimelirudia kulisoma mara tatu: akainunua hifadhi nzima ya nota za La Scala. Makaratasi yaliyokwisha kutumika! Yeye alikuwa mnakili, alijua kilichomo.

Kampuni ikarithiwa na mtoto, mjukuu, kitukuu. Watunzi wakubwa wa opera wa Italia, Verdi akapitia pale, Puccini akapitia pale, na kila opera iliyopita karatasi ya mkono wa mtunzi ikabaki ndani ya nyumba. 1958 wakaanzisha na kampuni ya santuri kabisa, Dischi Ricordi. Leo hifadhi ina nota za asili kama 7,800, opera zaidi ya 600 humo ndani, na vijitabu vya maneno ya opera kama 10,000. Katika opera 28 za Verdi, 23 zipo pale kwa mwandiko wake mwenyewe.

Na msidhani walikuwa salama muda wote. 1943 Milano ikapigwa mabomu, majengo ya kampuni yakateketea na mabamba ya kuchapia nota yakaenda. Miswada ya watunzi ikapona kwa sababu ilikuwa imeshahamishwa mapema. Kuna mtu alikaa akajiuliza tukipoteza vyote tubaki na kipi, akachagua karatasi za mkono. Mabamba unachonga mengine ukiwa na mswada, ila ukiwa na bamba tu huwezi kurudi kwenye mswada.

Afu 1994 kampuni ikanunuliwa na Bertelsmann wa Ujerumani. Miaka kama kumi na miwili baadaye Bertelsmann wakauza biashara yao ya uchapishaji wa muziki kwa kampuni ya muziki ya Universal, Casa Ricordi (ndo hiyo kampuni ya uchapaji ya Ricordi) ikaenda humo humo, lakini hifadhi ya karatasi hawakuiuza. Wakabaki nayo mpaka leo. Inakaa Palazzo di Brera, ndani ya maktaba ya taifa ya Braidense, inakarabatiwa na kupigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na sehemu yake unaifungua mtandaoni hata ukiwa Sengerema.

#3

Mkuu uzi umetulia ila naomba niwe mkweli. Hao ni Bertelsmann, sisi parokia hata spika tunachangishana. Afu kwanini usipige picha na simu halafu hayo makaratasi yenye ukungu mkayatoa, yanaleta na mende tu.

#4 (mwanzisha uzi)

Mkuu #3 swali lako la pili ndo la msingi zaidi kwangu niruhusu nilijibu kwa kirefu.

Picha ni lazima, sikatai. Ila picha inakupa kile ulichojua kukitafuta siku unapiga. Karatasi inakupa na kile ambacho hukujua. Chukua Verdi. Alikuwa haandiki opera yote kwa mpigo, kwanza anaandika sauti za waimbaji na besi na vyombo vichache vya kuongoza, mifupa tupu, afu baadae anarudi kujaza okestra. Kwenye karatasi yenyewe wataalamu wanaona wino wa mara ya kwanza na wino wa mara ya pili, wanaona alipokwangua, wanaona ukurasa uliochomekwa. Kuanzia 1983, na Rigoletto ndo ilikuwa ya kwanza, Ricordi pamoja na wachapishaji wa Chuo Kikuu cha Chicago wakaanza kutoa upya opera za Verdi kwa kurudi kwenye miswada, msimamizi mkuu akiwa Philip Gossett, maana zilizokuwa zinapigwa duniani kote zilikuwa zimejaa makosa ya wanakili na wachapaji yaliyorithishana zaidi ya miaka mia. Yan ni ile ile ta yetu, ila kwa Verdi.

Na mfano unaonigusa mimi zaidi ni Madama Butterfly ya Puccini. Ilizinduliwa La Scala tarehe 17 Februari 1904, watu wakaizomea mpaka mwisho. Puccini akaiondoa, akaifanyia marekebisho, miezi mitatu baadae ikapigwa Brescia ikapendwa, na hiyo iliyorekebishwa, tena ikarekebishwa zaidi, ndo dunia inaijua. Ile ya kwanza ikafa. Lakini karatasi hazikufa, na Desemba 2016 La Scala ikafungua msimu kwa ile ile ya 1904, iliyojengwa upya kutoka kwenye vilivyobaki. Miaka 112! Watu wakakaa kwenye jumba lile lile wakasikia kilichozomewa, wakashangilia. Kama mtu wa 1905 angesema hii imeshapitwa tuitoe, hapo 2016 pangekuwa na nini?

Ndo maana nasema usitoe. Ukungu unatibika, nitaeleza.

Kuhusu hela, Giovanni Ricordi alianza na peni na mikono yake.

#5

Mimi nachapa nota, kazi yangu ya kila siku, nimechapia kwaya nyingi Dar na Morogoro. Naunga mkono hoja kwa sababu ambayo mwanzisha uzi hajaigusa.

Wengi wetu tulianza na Finale, programu ya kuchapa nota kwenye kompyuta. Nina kazi za miaka kumi na kitu zote ni mafaili ya Finale. Agosti 2024 wenye Finale wakatangaza wanaiua, baada ya miaka 35, hakuna toleo jipya tena. Kompyuta yangu ya sasa bado inayafungua, ila ijayo sijui kama itakubali. Kwa hiyo nimekaa wiki tatu nafungua faili moja moja naligeuza kuwa MusicXML (aina ya faili la nota linalosomwa na programu nyingi) na PDF ili MuseScore na programu nyingine ziweze kulisoma. Kuna mafaili ya mwanzo kabisa yamegoma kabisa.

Na siku hiyo hiyo mezani nina karatasi ya mtunzi ya 1979, imekunjwa mara nne, naisoma vizuri tu bila kuuliza programu yoyote. Nawaambia hili kama mtu anayekula kwa kuchapa: tunzeni karatasi.

Halafu wachapaji wenzangu tuache kusahihisha kimya kimya. Mtunzi kaandika kitu cha ajabu wewe unaona amekosea, unanyoosha, kwaya arobaini zinapokea kosa lako. Mimi saivi nikibadilisha naandika chini kwa herufi ndogo, kipimo fulani mswada una hivi. Inachukua sekunde kumi.

#6

Upande wa dansi hali ni tofauti wakuu, huko karatasi hamna kabisa, bendi zilikuwa zinashika kwa sikio, mpiga solo anamwonesha wa rizimu, basi. Kilichobaki ni tepu za RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam), ndo nyimbo zilikuwa zinarekodiwa pale Dar, santuri zenyewe zinakwenda kukatwa Nairobi. Tepu ikilowa hamna mswada wa kurudia. Guinea walikuwa na lebo ya serikali, Syliphone, jengo la redio likapigwa 1985 kwenye jaribio la mapinduzi, maktaba ya santuri ikaharibika. Baadae watu wakaingia kwenye tepu zilizobaki redioni kwa msaada wa mpango wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, wa hifadhi zilizo hatarini, wakaokoa nyimbo zaidi ya 9,000. Na mpango huo huo umeshafika kwetu pwani, miswada ya Msikiti wa Riyadha Lamu imepigwa picha kupitia wao. Kwa hiyo mwenye parokia yenye kabati kubwa asione aibu kuomba.

#7

Mimi ni mtunzi nina nyimbo kama sitini hivi. Swali, nikiwapa kwaya karatasi zangu wakazihifadhi wakaziweka mtandaoni, haki inakuwa ya nani? Kuna studio moja niliwapa nota 2011 waichukue kwaya irekodi, mpaka leo karatasi sijarudishiwa, na kwenye kava la CD jina langu halipo.

#8

Pole sana mkuu #7. Karatasi na wimbo ni vitu viwili. Mtu anaweza kumiliki karatasi, kwa kupewa au kununua, na bado wimbo ukabaki wako. Kwa Tanzania bara sheria ya hakimiliki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo hata marehemu warithi wake wapo kwenye haki. Sajili kazi zako COSOTA, ndo ofisi ya hakimiliki, Zanzibar ni COSOZA, Kenya ni KECOBO. Na ukitoa karatasi kwa mtu toa kwa maandishi, hata nusu ukurasa, hii ni ya kutunzwa, au hii ni ya kunakiliwa irudi tarehe fulani, mkasaini wote wawili. Hao Ricordi walipata utajiri hapo hapo, walikuwa wanakodisha nota kwa majumba ya opera, mnapiga afu mnarudisha, kila karatasi inajulikana imekwenda wapi.

#9 (mwanzisha uzi)

Asante sana #5 na #8. #7 pole ndugu yangu, inaniuma maana sisi walimu wa kwaya nasi tumewafanyia watunzi hivyo hivyo, tunatoa kopi tunakata pale juu ili karatasi itoshe, na pale juu ndo penye jina.

Naweka tulichofanya sisi, kwa vitu vilivyopo, anayejua zaidi arekebishe.

Karatasi zilizolowa hatukuanika juani. Jua linazikunja na wino unapauka. Tulitandika mashuka meupe ukumbini, tukazilaza moja moja, madirisha wazi, feni inapuliza juu sio kwenye karatasi yenyewe. Zilizoshikana hatukuzivuta kabisa, lile tofali tumelifunga kwenye mfuko tukaliweka kwenye friza ya mama mmoja mwanakwaya, maana baridi inasimamisha ukungu usiendelee, lipo pale linasubiri mtu mwenye mikono kuliko sisi. Ukungu mkavu unafagiwa kwa brashi laini ya rangi, nje ya nyumba, ukiwa umeziba pua na mdomo.

Pini na stepo zote tumetoa, zina kutu na kutu inakula karatasi. Selotepu usiweke hata kama imechanika vipande viwili, gundi yake inageuka njano inapenya mpaka kwenye solfa na haitoki tena. Kulaminisha ndo kabisa usithubutu, najua inapendeza, ila karatasi inaungua kwa joto na humo haitoki milele. Iliyochanika weka vipande vyote kwenye bahasha moja ya karatasi, inatosha kwa leo. Ukitaka kuandika chochote andika kwa penseli, nyuma, pembeni.

Kupiga picha tumetumia simu ya kawaida, imefungwa kwenye stuli iliyopinduliwa inaangalia chini isitikisike, mwanga wa dirishani asubuhi, bila flashi. Pembeni ya kila ukurasa tunaweka rula ili ukubwa ujulikane. Tunapiga na upande wa nyuma hata kama mtupu, na hapo nina ushahidi, nyuma ya wimbo mmoja wa Ekaristi tumekuta mtunzi ameandika majina ya waimbaji wa kwanza walioujaribu, watu kumi na mmoja, wawili bado wako hai na mmoja anasali misa ya kwanza kila Jumapili, hakuwa anajua jina lake lipo pale. Nimempelekea picha nyumbani. Ameishika simu muda mrefu sana.

Majina ya picha tunaandika mtunzi, wimbo, mwaka, ukurasa. Nakala tatu: kompyuta ya parokia, diski inayokaa nyumba nyingine kabisa, na moja mtandaoni. Kabati tumelihamisha ukuta wa ndani, tumelipandisha juu ya matofali, halijagusa ukuta, mlango una matundu hewa ipite. Karatasi tumezilaza, hatujazisimamisha.

Mpaka jana tuna nyimbo 214 zilizopigwa picha. Kati ya hizo 31 hakuna mtu kwenye kwaya anayezikumbuka, hazipo hata kwenye ile tovuti ya Swahili Music Notes ambayo ina maelfu. Kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi tunaimba moja kutoka kwenye picha, bila kuichapa kwanza, wanakwaya wanasoma mwandiko wa mtunzi moja kwa moja. Mwanzoni wanalalamika, mwandiko mgumu. Baada ya robo saa wanakuwa wameuzoea, wanaanza kusema mzee huyu s yake inafanana na f.

Ombi langu: kuna wimbo mmoja wa zaburi tuna ukurasa wa kwanza tu. Umeandikwa Kipalapala, ile seminari ya Tabora, Novemba 1968, peni ya kijani, unaanza na besi peke yao, l l s m, jina la mtunzi limeliwa na mchwa zimebaki herufi mbili za mwisho. Unaishia katikati ya neno. Kama kuna mtu kwao kuna karatasi ya peni ya kijani naomba aseme.

#10

Mwalimu habari. Mimi sio mwanakwaya, ni msomaji tu wa humu. Baba yangu alisoma Kipalapala miaka hiyo, alifariki 2003. Kijijini kuna sanduku lake la bati chini ya kitanda cha bibi, najua lina madaftari na karatasi zenye herufi herufi d r m, tulikuwa tunaziona tukiwa watoto tunadhani ni hesabu. Rangi ya peni sikumbuki. Jumamosi naenda, nitafungua.

#11 (mwanzisha uzi)

Ndugu yangu #10 Mungu akubariki. Ukifungua usiharakishe. Liache wazi kwanza nusu saa lipate hewa, usishike ukiwa umetoka kula au kupaka mafuta, na zikiwa zimeshikana usizibandue, ziache zilivyo. Piga picha jinsi zilivyopangwa kabla hujahamisha hata moja, maana mpangilio wake ni wa mzee, huenda alikuwa na sababu. Na bibi aulizwe kwanza kabla ya kitu chochote kutoka nje ya nyumba.

Ukipata ukurasa unaoanza na "...ngu moyo wangu", nipigie hata kama ni usiku. Namba nimekutumia inboksi.